Nyimbo za Katuni za Jumamosi, na Ubeti Wetu Uliopotea

Ndugu zangu mliohudhuria mkutano wetu wa mwaka jana mtakumbuka jinsi tulivyosimama ukumbini, baada ya sala, kuuimba wimbo wa shule. Ubeti wa kwanza tuliuimba kwa kifua. Ulipofika wa pili, sauti zikaanza kupungua moja moja, kama taa za kijiji usiku unapokuwa mkubwa, hata wakabaki wazee wawili wa mstari wa mbele, nao wakawa hawapatani maneno. Kiitikio kiliporudi tulikipokea kwa kelele kubwa ili kuificha aibu yetu. Ubeti wa tatu hakuna aliyethubutu kuuanza.

Saa moja baadaye, chakula kikiwa mezani, mwenzetu mmoja ambaye siku hizi ni mhasibu mwenye mvi aligonga sahani kwa kijiko, akaanza kupiga mluzi tuni ya katuni ya The Flintstones. Hakufika mbali. Meza nzima ilimdaka, watu wanane wenye wake na watoto na mikopo ya nyumba, tukaimaliza tuni ile tangu mwanzo hata mwisho pasipo kukosea. Tuliijua kutokana na kanda za video na, baada ya vituo vya televisheni kuanza Tanzania Bara mwaka 1994, kutokana na sebule za majirani tulizojazana wakati wa likizo. Hakuna mwalimu aliyetufundisha. Hakuna aliyetuchapa tulipokosea.

Nilirudi nyumbani na swali. Kwa nini wimbo wa ng'ambo, uliotungwa ili kupamba kipindi cha biashara, ulikaa vichwani mwetu, na wetu wenyewe ukatoka? Kazi yangu serikalini ni ya majalada, na mtu wa majalada akiona kitu kimepotea huuliza kwanza kilipitia mikononi mwa nani. Nimejaribu basi kuifuata historia ya nyimbo hizo za katuni ambazo watoto wa Marekani walizisikia kila Jumamosi asubuhi, na nimeona kwamba zina la kutufundisha.

MPIGA KINANDA WA KANSAS CITY

Historia hii haianzii kwenye televisheni. Inaanzia kwenye sinema zisizokuwa na sauti, ambako mtu alikaa gizani karibu na pazia akipiga kinanda kufuatana na picha. Mmoja wa watu hao alikuwa Carl Stalling, aliyezaliwa mwaka 1891 katika jimbo la Missouri, na ambaye alipiga kinanda katika majumba ya sinema ya Kansas City. Huko alifahamiana na kijana mchoraji aitwaye Walt Disney. Disney alipotoa katuni yake yenye sauti, Steamboat Willie, mwezi wa Novemba 1928, Stalling akawa mtu aliyehitajiwa sana.

Shauri alilompa Disney lilikuwa hili: badala ya kuchora kwanza na kuutafuta muziki baadaye, muziki utangulie na wachoraji waufuate. Ndivyo ilivyotokea The Skeleton Dance ya 1929, ambamo mifupa ya makaburini inacheza ngoma na kila kiungo kinagonga kwa mapigo. Stalling ni miongoni mwa watu wa mwanzo kutumia mlio wa kuhesabia mapigo, uliosikika masikioni mwa wanamuziki wakati wa kurekodi, ili tarumbeta ilie pale pale paka anapojigonga ukutani.

Mwaka 1936 alihamia Warner Bros., akakaa huko hadi 1958 akitunga muziki wa katuni zaidi ya 600. Wasomaji wanaomjua Bugs Bunny wanaijua kazi yake hata kama jina lake hawajalisikia kamwe. Tusisahau hata hivyo kwamba Warner walikuwa na haki za nyimbo nyingi, na mfululizo wao wa Merrie Melodies ulianzishwa ili nyimbo hizo zisikike na kuuzika. Biashara ilikuwamo tangu mwanzo. Lakini mle mle katika biashara mlipatikana pia Rabbit of Seville ya 1950 na What's Opera, Doc? ya 1957, ambazo baadaye, katuni za sinema zilipohamia kwenye televisheni, zilimpelekea mtoto wa Jumamosi muziki wa Rossini na wa Wagner akiwa na bakuli lake la kifungua kinywa, bila yeye kujua kwamba ameingia darasani.

PICHA CHACHE, MUZIKI MWINGI

Mwaka 1957 kampuni ya filamu ya MGM ilikifunga kitengo chake cha katuni. William Hanna na Joseph Barbera, waliokuwa wamemtengeneza Tom na Jerry tangu 1940 na kupata tuzo saba za Oscar kwa kazi hiyo, walijikuta hawana ajira. Wakaanzisha kampuni yao na kuigeukia televisheni. Televisheni ilikuwa na njaa ya vipindi, lakini malipo yake yalikuwa sehemu ndogo tu ya yale ya sinema.

Ndugu msomaji, filamu hupita picha 24 kwa sekunde moja, na katuni nzuri ya sinema ilihitaji michoro mingi kwa kila sekunde hizo. Hanna na Barbera hawakuwa na fedha za kuchora hivyo. Wakapunguza. Mwili ulisimama na mdomo peke yake ukasogea. Mtu alikimbia, na nyuma yake nyumba ile ile ikapita mara tano. Mnaomkumbuka dubu Yogi mtakumbuka alivaa kola na tai shingoni: ilikuwa njia ya kukitenga kichwa na kiwiliwili, ili kichwa kichorwe upya na mwili ubaki vile vile.

Picha zilipopungua, sauti ndiyo iliyobeba mzigo. Mzigo huo aliupokea Hoyt Curtin, aliyezaliwa 1922 na kufariki 2000. Inasimuliwa kwamba wimbo wake wa kwanza kwao ulitungwa kwa simu: walimsomea maneno, na baada ya dakika chache akapiga simu kuwaimbia tuni. Tangu hapo alitunga nyimbo za utangulizi za vipindi vyao vingi, na vipande vya muziki alivyorekodi viliwekwa akiba na kutumiwa tena na tena, kipindi hata kipindi. Kwa ajili hiyo mtoto aliyehama kutoka katuni moja kwenda nyingine alijiona yumo katika nyumba ile ile.

The Flintstones ilianza tarehe 30 Septemba 1960 katika kituo cha ABC, nayo haikuwa ya Jumamosi asubuhi bali ya Ijumaa jioni, kwa familia nzima. Wimbo tulioupiga mluzi haukuwapo mwanzoni. Misimu miwili ya kwanza ilifunguliwa kwa muziki usiokuwa na maneno, na wimbo ukaja msimu wa tatu, mwaka 1962. Wenye masikio ya muziki wanatambua kwamba umejengwa juu ya mfuatano wa akodi zile zile za I Got Rhythm ya George Gershwin ya mwaka 1930, mfuatano ambao wapigaji wa jazi wameufanya uwanja wao wa mazoezi. Ndiyo maana bendi za jazi hadi leo huupiga bila kuona haya.

Mtu huyu hakuwapa watoto makombo. Kwa katuni ya Jonny Quest ya mwaka 1964, Curtin alisimulia baadaye kwamba aliziandika sehemu za tromboni kwa makusudi ziwe ngumu, ili kuwatoa jasho wapigaji hodari wa Hollywood. Nani angejua? Watoto wasingejua. Alijua yeye.

BENDI ISIYOKUWAPO

Katikati ya miaka ya 1960 vituo vitatu vikubwa vya Marekani, ABC, CBS na NBC, vilitambua kwamba Jumamosi asubuhi wazazi wamelala, shule imefungwa, na watoto wako mbele ya televisheni peke yao. Wauzaji wa nafaka zenye sukari na wa vitu vya kuchezea walitambua jambo hilo hilo. Fred Silverman, aliyesimamia vipindi vya mchana vya CBS, aliijaza asubuhi hiyo katuni mpya mwaka 1966, nyingi zikiwa za mashujaa wa kupigana.

Kisha ukaja mwaka 1968. Mwezi wa Aprili aliuawa Martin Luther King, na mwezi wa Juni Robert Kennedy. Wananchi wengi wakaanza kulalamikia ngumi na risasi zinazooneshwa kwa watoto, na vituo vikatafuta vitu vya upole zaidi. Mwezi wa Septemba mwaka huo CBS ilianza The Archie Show, katuni ya vijana wa shule wenye bendi yao. Bendi haikuwapo. Ilikuwa michoro tu. Waliokuwa wakiimba studioni ni Ron Dante na Toni Wine. Hata hivyo wimbo wao Sugar, Sugar, uliotungwa na Jeff Barry na Andy Kim, ulishika nafasi ya kwanza Marekani kwa wiki 4 na Uingereza kwa wiki 8 mwaka 1969, mwaka ambao Beatles na Rolling Stones walikuwa hai na wakifanya kazi. Santuri za bendi hiyo zilibandikwa hata nyuma ya maboksi ya nafaka, mtoto akate kwa mkasi na kuicheza.

Mafanikio hayo yalizaa mengine. Scooby-Doo, Where Are You! ilianza tarehe 13 Septemba 1969, na katika mpango wake wa mwanzo vijana wale wa kuwinda mizimwi walikusudiwa kuwa bendi pia. Wimbo wake ni wa David Mook na Ben Raleigh.

Mwaka 1970 ikafuata Josie and the Pussycats, bendi ya wasichana watatu. Hapa pana jambo ambalo kijana anayesoma historia asiliruke. Mtayarishaji wa muziki, Danny Janssen, alimchagua mwimbaji mweusi, Patrice Holloway, awe sauti ya kuimba ya mmoja wa wasichana hao, Valerie. Kwa masimulizi ya Janssen, wakubwa wa kampuni walitaka wasichana wote wawe weupe, wakamwambia amtafute mwingine. Alikataa. Mvutano ukadumu karibu wiki tatu, kisha wakubwa wakakubali, na Valerie akachorwa mweusi. Basi katika kipindi kilichotengenezwa kwa haraka ili kuuza nafaka, msichana mweusi alipata kiti kati ya wahusika wakuu kwa sababu mtu mmoja aliijua sauti nzuri na hakutaka kuiachia.

TANGAZO LILILOFUNDISHA HESABU

Sasa nafika kwenye sehemu iliyonigusa zaidi, mimi niliyesimama darasani mikono nyuma nikiitafuta saba mara nane.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mkuu mmoja wa kampuni ya matangazo ya biashara ya New York, David McCall, aliona kwamba mwanawe hawezi kukariri tebo za kuzidisha, lakini maneno ya nyimbo za roki anayajua yote. Wazazi wengi wameliona jambo hilo wakaishia kugomba. McCall aliagiza wimbo. Watunzi wa kwanza walileta vitu vyepesi visivyofaa. Kisha akapatikana mpiga piano wa jazi, Bob Dorough, aliyezaliwa 1923. Alileta Three Is a Magic Number, wimbo ambao kabla ya kuhesabu unamkumbusha mtoto kwamba tatu imo kila mahali: katika wakati uliopita, uliopo na ujao, na katika baba, mama na mtoto.

Wenzake McCall, George Newall na Tom Yohe, waliufanya wimbo huo kuwa filamu ya dakika tatu, na ABC ikaununua mpango mzima. Schoolhouse Rock! ilianza Januari 1973, ikipenyezwa katikati ya katuni za Jumamosi mahali pale pale ambapo matangazo hukaa. Baada ya hesabu ikaja sarufi, kisha historia ya Marekani, kisha sayansi. Walioimba hawakuwa watu wa kubahatisha. Tebo ya sita na ya tisa aliziimba Grady Tate, mpiga ngoma mashuhuri wa jazi; ya nane Blossom Dearie; na somo la viunganishi Jack Sheldon, mpiga tarumbeta. Maktaba ya Bunge la Marekani imeziingiza nyimbo hizo katika hazina yake ya sauti za kuhifadhiwa, kwenye orodha ya mwaka 2018.

Wako watakaosema kwamba hii ni kasuku tu. Kukariri si kuelewa. Ni kweli, na historia yenyewe inatoa ushahidi. Mwaka 1975 Lynn Ahrens, aliyekuwa karani katika kampuni ile ile ya matangazo, aliutia tuni utangulizi wa Katiba ya Marekani. Ili maneno yakae katika mapigo, aliyaacha yale yanayotaja kwamba wananchi hao ni wa Marekani. Watoto wakaukariri utangulizi wa Katiba yao pamoja na pengo lake, na wapo waliolipeleka pengo hilo hadi kwenye karatasi za mitihani. Wimbo hushika kila kitu, sahihi na kosa, kwa gundi moja. Ndiyo sababu anayetunga wimbo wa watoto ana wajibu mkubwa kuliko anayeandika kitabu: kitabu mtoto atakifunga, wimbo hauna jalada.

MWISHO WA JUMAMOSI

Asubuhi zile zimekwisha. Akina mama wa Massachusetts, wakiongozwa na Peggy Charren, walikuwa wameanzisha chama tangu 1968 kupinga matangazo yanayowawinda watoto, na hatimaye sheria ya televisheni ya watoto ikapitishwa mwaka 1990. NBC iliziacha katuni za Jumamosi mwaka 1992, mwaka ambao Cartoon Network ilianza kuzionesha mchana na usiku. Kitu kipatikanacho kila saa hakingojwi. Tarehe 27 Septemba 2014 kituo cha CW kilimaliza programu ya mwisho ya katuni za Jumamosi katika mitandao ya kawaida ya Marekani.

Mwaka huo huo wa 2014, Dar es Salaam, ilianza Ubongo Kids, katuni ya hapa hapa kwetu inayofundisha hesabu na sayansi kwa nyimbo za Kiswahili. Binti yangu mdogo huziimba akiosha vyombo. Nimemsikia akieleza pembe za umbo kwa tuni, na sikumkatiza.

UBETI WA PILI

Narudi sasa ukumbini kwetu. Nyimbo zile zilidumu kwa sababu zinazoeleweka. Zilikuwa fupi. Zilirudiwa kila wiki saa ile ile. Zilitaja mapema jina la kipindi na watu wake, hata mgeni akajua amefika wapi. Juu ya yote, zilikabidhiwa kwa mafundi hodari, ambao hawakuona kwamba kumtungia mtoto ni kazi ya chini.

Wimbo wetu ulitungwa na fundi; hilo sina shaka nalo, maana ubeti wa kwanza unathibitisha. Lakini tuliuimba siku ya kufungua na siku ya kufunga, basi. Ulianzishwa juu mno kwa vijana ambao sauti zilikuwa zinavunjika, na aliyeuharibu alipelekwa kufyeka. Maneno yake yaliandikwa kwenye karatasi moja iliyotundikwa stoo ya vitabu, na mvua za 1998 zilipoingia darini, karatasi ikaenda nazo. Mwalimu aliyekuwa nao wote kichwani ametangulia mbele ya haki. Hatukupokonywa wimbo na televisheni. Tuliuacha wenyewe.

Naomba basi jambo moja. Kila mmoja wetu aandike anachokikumbuka cha ubeti wa pili na wa tatu, neno kwa neno, hata likiwa neno moja, wala asimuulize mwenzake kwanza. Amkabidhi katibu wa umoja wetu kabla ya mkutano ujao. Wazee wawili waliobishana mstari wa mbele waandike kila mtu lake. Mmoja wao yamkini amekuwa akiimba kosa tangu ujana wake, na hilo pia nitalitia katika jalada. Tutazilinganisha karatasi kama zinavyolinganishwa nakala za waraka uliopotea, na naamini utapatikana.

Nanyi wadogo zetu mlio madarasani, mnaoujua ubeti mmoja kwa sababu sisi tuliwaachia mmoja: utakapopatikana, ushusheni kidogo sauti, mtafuteni mwenye gitaa au ngoma miongoni mwenu, na muuimbe siku za kawaida, hata mnapoteka maji. Mhasibu wetu ameahidi kuja na kijiko chake.